Meno 14 au 15: Pikipiki ya Dada Yetu wa Kimuka



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, leo tunajibu barua ya dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, aliyeolewa Kimuka, kule Kajiado, chini ya vilima vya Ngong. Dada huyu alitoa fedha za mahari yake ikanunuliwa pikipiki, na mumewe ndiye aiendeshaye. Kila alfajiri mume hupandisha maziwa hadi Ngong, kisha huchukua abiria. Na mara moja kwa wiki hufuata barabara ya Kiserian na Isinya mpaka Namanga kupeleka mizigo. Sasa kaka yake dada ametuma kutoka Mombasa sproketi ya mbele yenye meno 15, ifungwe mahali pa ile ya meno 14, akisema yake ameshaifunga na matumizi ya petroli yamepungua. Fundi yu tayari. Dada auliza: je, ni kweli? Na je, ana haki ya kusema neno?

Ni kweli, kwa kiasi chake. Tuchukue kwamba sproketi ya nyuma ina meno 42. Ya mbele ikiwa na meno 14, huzunguka mara 3 ndipo gurudumu lizunguke mara 1. Ikiwa na meno 15, huzunguka mara 2.8. Basi kwa mwendo ule ule injini hupunguziwa takriban mizunguko 7 katika kila 100, na injini inayozunguka polepole hupoteza nguvu chache kwa msuguano wa ndani. Lakini mafuta hayapungui kwa kiasi hicho hicho, kwa kuwa kazi kubwa njiani ni kupasua upepo, na upepo haujali meno. Sisi hatuoni busara kutarajia zaidi ya 5 katika 100. Mwenye kwenda kilomita 200 kwa siku, akitumia lita 5, ataokoa robo lita. Kwa siku 26 za kazi ni lita 6 na nusu. Si haba kwa nyumba yenye watoto. Ila faida hiyo ni ya anayeshika mwendo wake wa zamani. Wengi wakisikia injini imetulia huongeza kasi, na kasi hurudisha petroli yote iliyookolewa, pamoja na hatari juu yake.

Kaka mtu hakusema uongo. Alisema ya Mombasa. Barabara ya kwenda Malindi ni tambarare, nayo iko usawa wa bahari. Mji wa Ngong uko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi, na injini za namna hii hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Yaani pikipiki ile ile ya kaka ikifika Ngong, karibu moja ya tano ya nguvu imekwisha kuondoka kabla maziwa hayajapakiwa. Ukiiongezea jino, itashindwa na gia ya juu kila penye mwinuko. Mwendeshaji atateremsha gia, atacheza na klachi, injini itapiga kelele kuliko hapo awali, na sahani za klachi zitaungua. Kisha kuna upepo wenyewe. Pale Ngong mitambo ya kwanza ya kuzalisha umeme kwa upepo ilisimamishwa mwaka 1993, na haikuwekwa pale kwa bahati. La kuogofya zaidi ni kulipita lori penye mwinuko kwa pikipiki isiyoitika upesi. Huyo ni baba wa watoto.

Ama swali la pili, mahari ni mali ya mke, na ndoa haikuihamisha. Kama fedha zile aliziazima, au chombo ni chake na mume anakitumia tu, si halali kukibadilisha pasi na idhini yake, wala fundi asitie spana kabla hajaulizwa. Kama alizitoa zawadi kwa moyo mkunjufu, chombo ni cha mume, na dada amebakiwa na nasaha. Kama ni shirika, wote wawili waridhie. Twahofu hawajawahi kulisema hili waziwazi. Walikae usiku mmoja, waliandike, na wapate mashahidi, kama ilivyoelekezwa katika Suratul Baqara, aya ya 282. Mume asilione hilo kuwa ni kutoaminiwa.

Kwa sasa rai yetu ni kwamba meno 14 yabaki. Dada achukue daftari: tangi lijazwe pomoni, kilomita ziandikwe, likijazwa tena zigawanywe kwa lita zilizoingia. Afanye hivyo mara tatu. Kisha tairi zitiwe upepo wa kutosha, cheni isafishwe na kupakwa mafuta, kabureta ioshwe, na apime tena mara tatu. Aghalabu ile robo lita huwa imejificha humo. Ile sproketi ya meno 15 na ihifadhiwe. Safari za Namanga zikizidi zile za kupanda Ngong, hesabu itabadilika, na fundi aangalie kwanza kama cheni itafika na kama jino jipya halitasugua kifuniko.