Kipya Kinyemi, Lakini Boksi Lisomwe

Kupunguza mwanga si jambo geni kwetu Pwani. Kandili ina kikono cha kuteremsha utambi: ukikizungusha, mwanga hupungua na mafuta hubaki. Swichi ya kupunguza mwanga hufanya kazi hiyo ukutani, ila kwa njia nyingine: swichi za zamani huukatakata mkondo wa stima mara 100 kwa sekunde. Balbu ya waya haijali, maana waya wake haupoi upesi. Lakini balbu ya LED ina mtambo mdogo ndani. Nyingi zikilishwa stima ya vipande hupepesa, huvuma, na huenda zikafa mapema. Tena swichi nyingi kati ya hizo zataka mzigo wa wati 40 au zaidi, na balbu hii hula kama wati 9 tu.

Mimi simlaumu mnunuzi. Onyo huandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani. Liandikwe kwa Kiswahili, tena mbele ya boksi. Kwani stima iliyookolewa ina faida gani, ikiwa akiba yake yaishia kununua balbu nyingine?