Daftari Moja, Kalamu Nyingi

Wanachama wenzetu na walimu wetu, safu hii hueleza mambo ya kompyuta kwa Kiswahili cha kawaida. Zamu hii tunaanza nyumbani, kwenye hifadhidata ya chama, ile yenye maneno tuliyoyakusanya kwa wazee wetu. Humo mna "chooko" ya Unguja, ambayo wengine huiita choroko, "ndia" ya Lamu kwa maana ya njia, na "kuya" ya Lubumbashi kwa maana ya kuja. Baadhi ya waliotupa maneno hayo wameshatangulia mbele ya haki, na hatuwezi kuwapigia simu tena kuwauliza. Faili hilo likiharibika, yapo maneno yasiyorudi.

Waliotutangulia chamani waliitengeneza kwa Microsoft Access, programu iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1992. Bado inafaa, ila ina tabia moja ambayo kila anayeitumia kwenye mtandao lazima aijue. Hifadhidata za seva, kama PostgreSQL, zina programu moja inayopokea maombi ya watu wote na kulinda data. Wewe huligusi faili. Access haina mlinzi huyo. Faili limekaa kwenye folda ya pamoja, na kila kompyuta hulifungua na kuliandika yenyewe, kama daftari la duka linaloandikwa na watu watano kwa wakati mmoja. Kando yake hutokea faili dogo la kufuli linalosaidia wasigongane.

Hatari iko hapa: kuhifadhi neno moja huweza kugusa sehemu kadhaa za faili. Waifai ikikatika, au mtu akifunika laptopu katikati ya kazi, sehemu moja huandikwa na nyingine hubaki kama ilivyokuwa. Anayefuata hukuta faili limevurugika. Ndivyo ilivyotokea muhula uliopita, na maneno ya wiki tatu yakabidi yaandikwe upya kutoka kwenye karatasi za mahojiano. Tangu hapo tumeweka taratibu zifuatazo.

Kwanza, tumeligawa faili mara mbili. Majedwali, yaani data yenyewe, yamebaki kwenye folda ya pamoja. Fomu na ripoti ziko kwenye faili la pili, na kila mmoja wetu ana nakala yake katika kompyuta anayotumia. Fomu zikiharibika kwako, unachukua nakala nyingine na maneno yako salama. Tena mtandao haubebi fomu kila unapozifungua, hivyo kazi inakwenda haraka zaidi.

Pili, tunaandika kwa kompyuta zilizounganishwa kwa waya tu. Aliye nyumbani aingie kwa mbali kwenye kompyuta ya ofisi ya chama, ili uandishi ufanyike kule kule. Tafadhali msiliweke faili la data kwenye Dropbox wala folda yoyote inayojisawazisha: watu wawili wakiandika, mtapata nakala mbili zinazopingana.

Tatu, tumeweka faharasa kwenye neno, mahali na jina la mkusanyaji. Bila faharasa, ukitafuta neno moja huenda kompyuta ikalazimika kuvuta jedwali zima kupitia mtandao na kulipekua mstari kwa mstari. Fomu nazo sasa hufungua maneno unayoyahitaji tu, si yote.

Nne, rekodi iliyofutwa huacha nafasi tupu, na faili huzidi kunenepa. Kikomo chake ni gigabaiti 2. Kila mwisho wa mwezi, wote wakishatoka, tunatoa nakala kwanza, kisha tunatumia amri ya kubana na kukarabati.

Tano ni nakala za akiba, kila Ijumaa jioni. Faili likinakiliwa huku watu wanaliandika, nakala yenyewe huweza kuwa na kasoro. Kwa hiyo tunangoja faili la kufuli litoweke, tunanakili, halafu tunaifungua nakala kuona kama inasomeka. Za wiki zilizopita hatuzifuti, kwa sababu uharibifu huweza kukaa siku nyingi kabla ya kuonekana.

Taratibu hizi zinapunguza hatari, haziimalizi. Dawa ya kudumu ni kuhamishia majedwali kwenye seva ya chuo. Fomu zetu za Access zinaweza kuunganishwa nayo, na wanachama wataendelea kutumia kurasa walizozizoea. Walimu wetu, ombi la kupata nafasi kwenye seva linahitaji saini ya mhadhiri. Tumeshaliandika na liko tayari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hatuna matofali ya kuujenga upya.