Mushahara usilipwe ndani ya nganda

Mwezi wa kwanza, wakati huku Katanga mvua inapiga, sisi wajumbe wa sendika tulikuwa Uingereza, katika muji wa Manchester, kwa wenzetu waliofanya kazi ya mugodi zamani. Siku ya Mungu walituambia: vaeni makoti, leo tunatembea kwa miguu. Tulifikiri ni mwendo wa kufika sokoni. Kumbe ni kufuata mufereji wa maji, kutoka Barton mpaka Worsley, zaidi ya saa moja ndani ya baridi.

Tulitetemeka, tusidanganye. Miti mingi haikuwa na majani, na saa kumi ya jioni jua lilikuwa linaaga. Njia ni ile ambayo farasi walipita zamani wakivuta mashua. Leo kila mutu anapita: wazee, watoto, wanamuke na imbwa wao. Hakuna mulinzi wa kukuuliza karatasi. Hilo peke yake lilitushangaza, sisi ambao tunazunguka ukuta wa concession kila siku ili kufika kwetu.

Mufereji ule ulizaliwa na mugodi. Mukubwa mumoja, Duke wa Bridgewater, aliuchimbisha ili makaa yake ya mawe yafike Manchester. Ulifunguliwa mwaka 1761, na bei ya makaa katika muji ikashuka nusu. Pale Worsley mufereji unaingia ndani ya jiwe. Mule chini ya ardhi walichimba njia za maji karibu kilometa 74. Mashua za makaa zilikuwa nyembamba, mbavu zake zinaonekana, hata watu wakazipa jina la njaa. Na maji ya Worsley yakapata rangi ya machungwa, juu ya chuma kinachotoka katika mugodi wa zamani. Tuliona rangi ile, tukaangaliana. Mutu wa Kolwezi ao Likasi anajua kama mugodi ukifungwa, maji yake hayafungwi.

Mwisho wa njia ilikuwa nyumba ya pombe. Moto unawaka, ba mama wanakula pamoja na watoto, wazee wanashika kila mutu glasi yake moja. Tulipokwisha kupata joto, muzee mumoja aliyechimba makaa akatufundisha jambo ambalo tumelibeba mpaka hapa.

Zamani, alisema, wachimbaji wengi walilipiwa ndani ya nyumba kama ile. Kapita alitoa noti moja kubwa kwa watu wengi, akawaambia wagawane. Nani atabadilisha noti? Mwenye pombe. Na mwenye pombe habadilishi bure, lazima munywe kwanza. Bibi alingoja nyumbani mpaka usiku. Ndiyo sababu sheria ya mwaka 1842, ile iliyokataza wanamuke na vijana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi, ilikataza pia kulipa mushahara wa wachimbaji ndani ya nyumba ya pombe.

Mwaka 1842, ndugu zangu! Na sisi hapa?

Tuseme wazi. Iko ba sous-traitant ambao siku ya posho wanaita timu kwenye nganda, jumamosi jioni. Iko wanunuzi wa mawe ambao wanahesabu feza ya wachimbaji juu ya meza yenye chupa. Mwaka uliopita mama mumoja alikuja kwa ofisi yetu na kikaratasi alichokuta ndani ya mufuko wa bwana yake: chupa kumi na nne, nyama ya mbuzi, na deni la wiki mbili. Bwana yule anasema alikunywa tatu. Zingine ni za timu, na za kapita. Kilichobaki hakikutosha gunia la unga, na mutoto wao alirudishwa nyumbani juu ya minerval.

Watatujibu: mufanyakazi ni mutu muzima, anajua kinywa chake. Ni kweli. Sisi hatukatazi mutu kunywa Simba yake, tunaikunywa pia. Lakini kuchagua nganda ni jambo moja, na kuitwa nganda ili upate haki yako ni jambo lingine. Ukikataa kununua, unalipwa wa mwisho, ao mwezi ujao jina lako halimo. Hapo hakuna uhuru.

Watatujibu tena: banki iko mbali, na kwenye nganda ndiko kuna chenji. Lakini leo karibu kila muchimbaji ana telefone, na feza inaweza kupita mule. Na sheria ni wazi: Mapatano namba 95 ya Shirika la Kazi la Ulimwengu, ya mwaka 1949, kifungu cha 13, yanakataza kulipa mushahara pahali pa pombe, isipokuwa kwa wale wanaofanya kazi pale. Inchi yetu iliyakubali. Hatuombi zawadi.

Tunaomba mambo matatu. Mushahara ulipwe muchana, kwenye pahali pa kazi ao kwa telefone. Kila mutu apate karatasi yake, yenye jina lake na hesabu yake. Na muchimbaji wa mukono alipwe pale mawe yake yanapopimwa, mbele ya kilo, si mbele ya chupa.

Na sisi ba delege tujiangalie pia. Mikutano mingapi tumefanya ndani ya nganda? Mama yule angetukuta wapi kama ofisi ingekuwa imefungwa? Tangu tulipotoka safari ile, tulikata shauri: kikao cha sendika hakitafanyika tena kwenye pombe.

Wazee wa Worsley walitembea kwanza, wakakunywa nyuma, kwa feza iliyokuwa imekwisha kupita nyumbani. Mwezi huu, ukilipwa, fanya vile. Peleka feza nyumbani, iweke mikononi mwa bibi, muhesabu pamoja unga na minerval. Kisha kama glasi imebaki, kunywa kwa amani.

Na kapita akikuita nganda kuchukua mushahara, usiende peke yako. Kuja kwetu, tuende pamoja kumuambia hapana.