Kasoro Haikosekani, Ila Isipewe Funguo za Nyumba Nzima



Ndugu wasomaji, leo naanza kwa kujisahihisha. Miezi miwili iliyopita, nikijibu maswali ya wazee wetu juu ya simu za mkononi, niliandika katika safu hii kwamba simu inapouliza suali, basi "bonyeza Kubali, uendelee na shughuli yako." Niliandika hivyo kwa nia njema, kwani nimewaona wazee wengi wakiziogopa simu walizonunuliwa na watoto wao, hata wakaziacha ndani ya mikoba zikilia. Lakini nia njema haiondoi makosa. Ushauri ule ulikuwa na kasoro, na kasoro ile imemgharimu mmoja wetu.

Jirani yangu, bibi wa rika langu, aliletewa ujumbe ukimtaka aingize programu mpya katika simu yake ili taarifa za kitambulisho chake zisipitwe na wakati. Ujumbe ulikuwa na nembo nzuri na lugha ya adabu. Programu ilipoingia, ikamuuliza kama inaruhusiwa kusoma ujumbe wake. Akabonyeza Kubali. Ikauliza kama inaruhusiwa kuyaona majina na namba za jamaa zake. Akabonyeza Kubali. Usiku ule ule, namba za siri ambazo benki humpelekea mteja wake kwa ujumbe zilisomwa na wezi, na kulipokucha riali 340 zilikuwa zimekwenda. Zilikuwa fedha za kuezekea nyumba ya marehemu mama yake, Chake Chake, kabla ya mvua za masika.

Aliponijia hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, nilifanya kama ulivyoandika." Amenipa idhini ya kulieleza jambo hili bila ya kumtaja jina, kwa sharti moja: nieleze kwa lugha inayofahamika ni kitu gani hasa kilichotokea ndani ya kisimu kile. Natimiza sharti lake.

Kila kompyuta, na simu ya leo ni kompyuta, ina kitu kinachoitwa mfumo endeshi. Huu ndio msimamizi wa nyumba. Programu ikitaka kuandika kwenye kioo, kutumia kamera, kuhifadhi picha au kupeleka ujumbe, hupitia kwa msimamizi huyu. Yeye ndiye anayegawa kumbukumbu ya mashine na zamu za kufanya kazi, na yeye ndiye anayepaswa kujua nani anaingia chumba gani.

Tangu zamani wataalamu wamehitilafiana juu ya namna ya kuujenga mfumo huu. Njia ya kwanza ni kuzikusanya kazi zote kubwa katika ukumbi mmoja. Mfano mashuhuri ni Linux, uliotolewa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, nchini Finland. Kiini cha Linux ndicho kilichomo ndani ya simu zote za Android, na hivi sasa kimefika zaidi ya mistari milioni 30 ya maelekezo. Ni kazi ya kustahiwa. Lakini kwa kuwa vilivyomo ndani ya kiini hukaa ukumbi mmoja, kasoro ndogo katika sehemu inayoshughulikia sauti, kwa mfano, yaweza kuiangusha mashine nzima.

Njia ya pili ni kujenga vyumba vingi vidogo, kila chumba na mlango wake na kufuli lake. Kiini hubakishiwa yale machache yasiyoepukika, na kazi nyengine hugawiwa vipande vilivyotenganishwa, vinavyozungumza kwa kupelekeana ujumbe. Andrew Tanenbaum, mwalimu wa chuo kikuu mjini Amsterdam, aliufuata mwendo huu katika mfumo wake wa MINIX, alioutoa mwaka 1987 kwa ajili ya kufundishia. Mwaka 1992 yeye na Torvalds walijadiliana hadharani, tena kwa maneno makali, juu ya njia ipi ni bora. Katika soko, njia ya ukumbi mmoja ndiyo iliyotangulia. Hata hivyo mjadala haukwisha.

Dunia ilikumbushwa mjadala huo siku ya Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike, ya Marekani, ilisambaza sasisho dogo lenye kasoro. Kwa kuwa programu yake ilikuwa imeruhusiwa kukaa ndani kabisa ya kiini cha Windows, kosa lile moja liliangusha kompyuta zinazokadiriwa kufika milioni 8.5. Ndege zilikwama, na hospitali na benki zikasimama katika nchi nyingi. Mashine nyingi zilibidi zitengenezwe kwa mkono, moja baada ya moja. Tuzingatie kwamba hakuwako mwizi wala adui. Lilikuwa kosa la kawaida katika kazi, ila lilikuwa limepewa funguo za nyumba nzima.

Nani, basi, wanaoijenga ile nyumba ya vyumba vingi hivi leo? Mfano ninaoupenda ni wa kundi dogo la wataalamu wa mji wa Dresden, Ujerumani. Norman Feske na Christian Helmuth, waliotokea katika utafiti wa chuo kikuu cha mji huo, walianzisha mwaka 2008 kampuni ya Genode Labs, nao wanatengeneza mfumo wa vipande uitwao Genode. Kutokana nao wametoa, tangu mwaka 2018, mfumo wa kutumika katika kompyuta za kila siku uitwao Sculpt.

Jambo litakalowapendeza wazazi ni kwamba katika Genode kila kipande kina mzazi wake. Mzazi ndiye anayemzaa mtoto, akampa sehemu ya kumbukumbu kutoka katika mfuko wake mwenyewe, na akaamua azungumze na nani. Mtoto hawezi kupewa asichokuwa nacho mzazi. Akiitumia haki yake yote kwa israfu, hukwama mwenyewe na wala hawanyang'anyi ndugu zake. Kipande kinachoshughulikia mtandao hupewa njia ya mtandao tu. Kinachoonesha picha hupewa picha tu. Hakuna anayeweza kulifungua sanduku asilopewa ufunguo wake, na wala hajui kwamba sanduku hilo lipo. Kipande kikifa, mzazi aweza kukiondoa na kukianzisha upya, na vyumba vyengine vikaendelea na kazi zao.

Kadhalika napenda mwendo wao wa kazi. Kila mwaka hutoa matoleo manne, Februari, Mei, Agosti na Novemba, na kila toleo huitwa kwa mwaka na mwezi wake, kama 24.02 au 24.05. Pamoja na kila toleo huandika maelezo marefu: tumebadilisha hiki kwa sababu hii, tumeongeza kile, tumeirekebisha hitilafu ile. Mtu asiyeijua kazi hii anaweza kusema, "Hawa kila siku wanatengeneza tu, kwani walijenga nini?" La hasha. Vifaa vipya hutoka kila mwaka, na wezi nao hubuni mbinu mpya. Fundi anayekwambia kwamba kazi yake haina kasoro, ama hajaikagua, ama anakuficha. Anayezitaja kasoro zake kwa tarehe, akaeleza alivyozitengeneza, huyo ndiye wa kuaminiwa.

Sisi watu wa pwani tusilione jambo hili kuwa geni. Wengi wetu tumepita kwenye mzunguko wa barabara wa Al Bustan, hapa hapa Maskati, tukaiona jahazi iitwayo Sohar. Ilijengwa Sur mwaka 1980 kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila ya misumari, kama ilivyokuwa mitepe ya Lamu. Iliondoka Maskati mwezi wa Novemba mwaka huo, ikafika Canton, Uchina, mwezi wa Julai 1981. Ubao wa chombo cha kushonwa ukiharibika, kamba zake hufumuliwa, ukatolewa, ukashonwa mwengine mahali pake, na chombo kikabaki kile kile. Mabaharia wa zamani hawakungoja chombo kisichovuja. Walishona, wakakagua, wakashona tena.

Insafu hata hivyo yataka tuseme na upande wa pili. Mfumo wa vipande una gharama zake. Ujumbe unaopita baina ya vyumba hula wakati, na mifumo ya mwanzo ya aina hii ilisifika kwa uzito wake, hadi pale Jochen Liedtke wa Ujerumani alipodhihirisha, katika miaka ya 1990 na kitu, kwamba kiini kidogo kikijengwa kwa uangalifu kinaweza kwenda mbio. Aidha kundi dogo haliwezi kuhudumia kila kifaa kinachouzwa duniani, kwa hivyo atakaye kutumia Sculpt lazima aichague mashine yake. Huwezi kwenda dukani Ruwi leo ukanunua simu ya namna hiyo. Tena, kiini chenyewe kikiwa na kasoro, kufuli za vyumba hazifai kitu. Ndiyo maana wataalamu wa Australia waliotengeneza kiini kiitwacho seL4 walikifanya kidogo, mistari isiyofika 10,000 ya lugha ya C, na mwaka 2009 wakakamilisha uthibitisho wa kihisabati kwamba kinatenda kama kilivyoelezwa. Mistari milioni 30 haithibitishiki hivyo.

Hata makampuni makubwa yameanza kuielekea njia hii. Mwaka 2021 Google ilianza kuuweka mfumo wake mpya wa vipande, uitwao Fuchsia, katika kifaa chake cha nyumbani cha Nest Hub, badala ya ule uliokuwamo uliojengwa juu ya Linux. Mfumo ulibadilishwa kifaa kikiwa mezani kwa mwenyewe.

Sasa nirudi kwa jirani yangu. Simu zetu za kawaida nazo zimeuazima mwendo huu kwa kiasi fulani. Katika simu ya Android kila programu hufungiwa chumbani mwake, na tangu toleo la sita la mwaka 2015, programu inayotaka kuingia chumba nyeti huanza kubisha hodi: niruhusu kutumia kamera, niruhusu kusoma ujumbe. Kwa maana hiyo, usiku ule simu ya jirani yangu haikuwa na ubovu. Kuta zilikuwa zimesimama na kufuli zilikuwa zimefungwa. Mwizi alibisha hodi kwa adabu, na bibi akamkabidhi funguo, kwa sababu mwalimu wake alimwandikia kwamba kila hodi huitikiwa "Karibu." Fundi wa Dresden au wa California aweza kujenga vyumba elfu; mlangoni tumesimama sisi.

Kwa hivyo naufuta ushauri wangu wa kwanza, na mahali pake naweka huu:

Kwanza, simu ikiuliza, soma kabla ya kubonyeza, na ujiulize: kazi ya programu hii inahitaji ufunguo huu? Programu ya tochi haina haja ya kusoma ujumbe, kama vile fundi wa bomba hana haja na sanduku la dhahabu. Ukiwa na shaka, kataa. Programu ya kweli itauliza tena siku utakapoihitaji kazi hiyo.

Pili, usiingize programu yoyote wala sasisho lolote kwa kufuata ujumbe uliotumiwa. Masasisho ya mfumo hutafutwa ndani ya mipangilio ya simu yenyewe, na ya programu hutafutwa katika duka lake rasmi. Huko ukiyakuta, yaingize bila ya kuchelewa, kwani mengi huletwa kuziba tundu ambazo wezi wameshazijua.

Tatu, ifungue sehemu ya ruhusa katika mipangilio, uone nani uliyempa nini. Zinyang'anye programu funguo zisizozihusu, na uzifute zile usizozitumia.

Nne, simu iliyozeeka hata mtengenezaji akaacha kuiletea masasisho ni chombo kisicho na fundi. Ifae kwa kusikilizia mawaidha na kusemea na jamaa, lakini mambo ya benki yasikae humo.

Tano, likikufika la kukufika, ita benki yako saa ile ile, kisha waambie watoto wako. Jirani yangu alikaa siku tatu akiificha habari hii kwa haya, na siku tatu ni muda mrefu kwa mwizi. Aibu ni ya aliyeiba, na sehemu yake ni ya aliyeshauri vibaya.

Ndugu wasomaji, aliyeihifadhi nakala ya toleo lile na achukue kalamu, aifute sentensi yangu ya "bonyeza Kubali," na pembeni yake aandike: "Soma kwanza." Na aliyempigia jamaa yake nakala ya ukurasa ule, ampelekee na huu. Bila shaka na humu zimo kasoro nisizoziona. Atakayeziona anifikishie, nami nitazitangaza katika toleo lijalo kwa tarehe yake, kama wafanyavyo wale wa Dresden.

Tukutane mwezi ujao, inshaallah. Wabillahi tawfiq.

Mwalimu Mstaafu,
Maskati