Moyo wa Secretariat Haukuwekwa Mizanini

Tarehe 9 Juni 1973, katika uwanja wa Belmont Park jimboni New York, farasi mwekundu wa miaka mitatu aitwaye Secretariat alikimbia maili moja na nusu, yaani mita 2,414 hivi, kwa dakika 2 na sekunde 24. Farasi aliyemfuata alikuwa nyuma kwa urefu wa farasi 31 waliopangwa kichwa kwa mkia. Zaidi ya nusu karne imepita tangu siku hiyo, na hapana farasi aliyekwisha kuupita muda huo katika mashindano ya Belmont.

Tangu hapo Secretariat amekuwa mfano upendwao sana na waandishi wa sayansi ya viumbe. Aghalabu husimuliwa kwamba alikuwa na moyo wenye uzito wa kilo 10, ilhali moyo wa farasi wa aina yake huwa na uzito wa karibu kilo 4 tu; na kwamba hiyo ndiyo sababu ya mbio zake. Maelezo hayo ni mafupi, yanapendeza, na mwanafunzi huyakariri bila taabu. Ubaya wake ni kwamba kilo 10 hizo hazikupimwa na mtu yeyote.

Yafaa kwanza yatazamwe yale yaliyopimwa, kwa maana ni mengi na ni ya ajabu ya kutosha. Secretariat alizaliwa tarehe 30 Machi 1970 katika jimbo la Virginia, Marekani. Alikuwa wa aina ya Thoroughbred, farasi wa mashindano ambao ukoo wao ulianzishwa Uingereza katika karne ya 17 na ya 18, kwa kuwapandisha majike wa huko na madume walioletwa kutoka nchi za Mashariki. Mwalimu wake alikuwa Lucien Laurin, na katika mashindano yake makubwa alipandwa na Ron Turcotte. Mara ya kwanza kushindana, mwezi wa Julai 1972, alitoka wa nne. Katika mashindano 21 ya maisha yake alipata ushindi mara 16. Mara moja, mwezi wa Agosti 1973, alishindwa na farasi aitwaye Onion, maana yake kitunguu, ambaye asingekumbukwa na mtu leo lau si siku ile moja.

Lakini habari iliyo bora kwa darasa la fizikia ni ya tarehe 5 Mei 1973, huko Kentucky. Safari ya maili moja na robo iligawanywa katika vipande vitano vya robo maili, kila kimoja mita 402 hivi. Secretariat alikimbia kipande cha kwanza kwa sekunde 25.2, cha pili kwa 24, cha tatu kwa 23.8, cha nne kwa 23.4, na cha mwisho kwa 23. Jumla ni sekunde 119.4. Mwanafunzi akigawanya umbali kwa muda ataona kwamba mwendo wa wastani ulipanda kutoka mita 16 kwa sekunde katika kipande cha kwanza hadi mita 17.5 katika kile cha mwisho. Kila akimbiaye hujua jinsi miguu inavyokuwa mizito mwishoni. Farasi wengi nao hupunguza mwendo wakaribiapo mwisho. Huyu alizidi kuongeza. Tarakimu tano hizo zinafundisha mengi kuliko hadithi ya moyo, na hakuna anayehitaji kusadikishwa: zimo, zihesabiwe.

Hata saa nayo, hata hivyo, si mashahidi wa kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Majuma mawili baada ya Kentucky, katika mashindano ya Preakness jimboni Maryland, saa ya umeme ya uwanjani ilionyesha dakika 1 na sekunde 55. Watu wawili wa gazeti la mbio za farasi, waliokuwa wakipima kwa mkono, walipata dakika 1 na sekunde 53.4. Mpimaji rasmi wa uwanja, naye kwa mkono, alipata dakika 1 na sekunde 54.4, na huo ndio muda ulioandikwa katika kumbukumbu. Ubishi haukuisha. Mnamo 2012, baada ya miaka 39, picha za filamu za siku ile zilichunguzwa upya kwa vyombo vya kisasa, mwenye farasi, Bibi Penny Chenery, akiwa ndiye aliyeomba, na tume ya mashindano ya Maryland ikaamua kwamba muda wa kweli ni dakika 1 na sekunde 53. Sekunde moja na nusu hivi zilikuwa zimepotea kwa sababu ya mkono na jicho. Walimu wanaosimamia mbio siku ya michezo shuleni, kila mmoja na saa yake na jibu lake, wataielewa habari hii upesi.

Sasa turudie moyo. Secretariat aliuawa kwa huruma tarehe 4 Oktoba 1989, akiwa na miaka 19, baada ya kuugua maradhi ya uvimbe ndani ya kwato ambayo humfanya farasi ashindwe hata kusimama. Mzoga wake ulichunguzwa na Dakta Thomas Swerczek wa Chuo Kikuu cha Kentucky. Huyo alikuwa mtu aliyekwisha kuona mioyo ya farasi kwa maelfu, naye alistaajabu: moyo ulikuwa mkubwa mno, tena mzima, hauna dalili ya ugonjwa. Lakini hakuuweka mizanini. Miaka minne baadaye, mwaka 1993, alikufa Sham, farasi aliyemfuata Secretariat wa pili huko Kentucky na Maryland. Moyo wa Sham ulipimwa, ukawa na uzito wa ratili 18, yaani kilo 8 na kidogo. Ndipo Dakta Swerczek, akilinganisha kwa kumbukumbu, alipokisia kwamba ule wa Secretariat ulifika ratili 22.

Hapana sababu ya kumlaumu mtaalamu huyo. Makisio ya jicho lenye ujuzi yana thamani yake, na yeye mwenyewe aliyaita makisio. Kosa ni la wale waliokuja baadaye wakalidondosha neno hilo njiani, kidogo kidogo, mpaka kadirio likavaa nguo za kipimo. Mwanafunzi akiandika "kilo 10" katika karatasi yake pasipo kujua kwamba namba hiyo ilitoka katika kumbukumbu ya mtu, amejifunza namba, hajajifunza sayansi. Na mwalimu aliyempa alama kamili amemthibitishia kwamba hakuna tofauti.

Kwamba moyo mkubwa humfaa farasi, hilo halina shaka. Apumzikapo, moyo wa farasi hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika. Apigapo shoti kwa nguvu zote, mapigo huzidi 200. Wengu wake hujibana na kumwaga katika mishipa akiba kubwa ya chembe nyekundu za damu, na pumzi zake hufuatana na hatua, pumzi moja kwa kila hatua ya shoti. Mapigo ya moyo yana kikomo. Basi moyo usukumao damu nyingi zaidi kwa kila pigo hupeleka oksijeni nyingi zaidi kwenye misuli. Hata hivyo, itazamwe hali ya Sham. Moyo wake uliopimwa kweli ulikuwa karibu mara mbili ya moyo wa kawaida, na siku ile ya Belmont alitoka wa mwisho. Mapafu, mifupa, urefu wa hatua, mafunzo, akili ya mpandaji na afya ya siku yenyewe vyote vina sehemu yao.

Kutokana na makisio hayo imezuka pia dhana ya urithi: ati jeni ya moyo mkubwa imo katika kromosomu ya X, ambayo dume huwapa binti zake wala hawapi wanawe wa kiume. Dhana hiyo inavutia kwa sababu wana wa Secretariat hawakumfikia baba yao, ilhali binti zake walizaa farasi wakuu. Lakini jeni yenyewe haijaonyeshwa, na yako maelezo mengine yaliyo mepesi zaidi: binti za farasi mashuhuri hutafutiwa madume walio bora kuliko wote. Binti wa Secretariat aitwaye Terlingua alimzaa Storm Cat, dume aliyesifika sana kwa uzazi. Mwingine, Weekend Surprise, alipandishwa na Seattle Slew, aliyekuwa bingwa mwaka 1977, akamzaa A.P. Indy. Mjukuu huyo alishinda Belmont mwaka 1992, katika umbali ule ule wa babu yake, kwa dakika 2 na sekunde 26.