Ligi Kuu ibaki na timu 16

Geita Gold iliposhuka daraja mwaka 2024, mji ulipoteza pia wageni wa siku za mechi, na mama lishe na waendesha bodaboda wanalijua pengo hilo. Hata hivyo, dawa si kuongeza timu ili Geita irudi. Ligi Kuu ilipopanuliwa kutoka timu 16 hadi 20 msimu wa 2018/19, mechi za kila timu zilipanda kutoka 30 hadi 38, tena msimu huo hapakuwa na mdhamini mkuu. Mafuta ya basi kutoka Kanda ya Ziwa hadi Mtwara hayalipwi kwa makofi! Ligi ikarudi 16 msimu wa 2021/22, na Geita Gold, ngeni kabisa, ikamaliza ya nne.