Mama Yake Bado Anachota Palepale

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya wanyamapori

YAH: KUMUENZI JANE GOODALL, NA MWALO WETU WA KASANGA

Mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa Kasanga, wilayani Kalambo, kusini mwa Ziwa Tanganyika, na naomba uniwie radhi kama heshima niliyofundishwa na wazazi wangu itanipungukia mahali fulani kabla sijafika mwisho wa barua.

Jane Goodall alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, nilizifuatilia rambirambi zote redioni. Kwetu yeye ni mtu wa ziwa letu. Alishuka Gombe Julai 1960, juu huko Kigoma, kwenye maji haya haya tunayovulia migebuka na dagaa. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na sidhani kuna mwaka nilioacha kuwasimulia watoto habari za yule sokwe aliyeingiza kijiti kwenye kichuguu akatoa mchwa akala, na yule msichana Mwingereza aliyekaa kimya akimtazama. Binti yangu aliipenda sana habari hiyo. Aliniomba niirudie nyumbani, jikoni, mama yake akisonga ugali.

Mheshimiwa, binti yangu alichukuliwa na mamba.

Alikuwa darasa la sita. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda, yakameza sehemu ya mwalo wetu wa zamani, tukawa tunachota kwenye matete, mahali ambapo hata mtu mzima haoni kilichomo hatua mbili mbele yake. Alitoka na ndoo alfajiri ili awahi namba shuleni. Wavuvi waliokuwa wakirudi na karabai zao walisikia ukelele mmoja tu. Tulitafuta kwa mitumbwi siku nne. Tulipata ndoo, na kipande cha kanga aliyojitanda. Zaidi ya hapo hatukupata kitu, na hicho ndicho tulichozika.

Nilikwenda katika ofisi inayohusika. Jina la ofisi hiyo silitaji, maana sitafuti mtu afukuzwe kazi. Nilitaka kifo kiandikwe. Nilikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji, taarifa ya polisi, na majina ya wavuvi walioshuhudia. Nikaambiwa inatakiwa pia taarifa ya daktari aliyeuona mwili. Nikasema mwili haupo, umo tumboni mwa mamba. Nikaambiwa basi tukio haliwezi kuthibitishwa, nirudi likithibitishwa. Nimerudi mara sita. Mara ya tano faili lilikuwa halionekani. Mara ya sita nilipewa fomu mpya, nianze upya.

Na mama yake bado anachota palepale.

Naomba usidhani nadai fedha. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta machozi ziliweka shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa na mnyama hatari, na hata zingekuwa milioni mia mke wangu asingezigusa. Ninachodai ni mstari mmoja kwenye daftari, kwa sababu nimejifunza kwa uchungu kwamba kila kitu kinatoka kwenye daftari hilo. Kando ya Ziwa Victoria, huko Buchosa, watu walipoliwa na mamba vizimba vilijengwa: nguzo na nyavu za chuma zilizozungushwa majini, mtu anaingia, anachota, anatoka salama. Nilipouliza kwa nini Kasanga hatuna hata kimoja, nilijibiwa kwamba vizimba hupelekwa kwenye maeneo yenye matukio. Kwetu hakuna tukio lililoandikwa. Mwanangu hakuandikwa, kwa hiyo mwalo wetu hauna tukio. Hauna tukio, kwa hiyo hauna kizimba. Hauna kizimba, na mama yake bado anachota palepale.

Sasa nirudi kwa marehemu Goodall, maana nasikia kila mahali ahadi za kumuenzi. Anastahili. Serikali yetu ilimpa Nishani ya Kilimanjaro mwaka 1996 na hakuna wa kusema ilikosea. Wapo pia waliotoa mali zao, kama Paul Tudor Jones, tajiri wa Marekani, ambaye Mfuko wa Grumeti aliouanzisha ulileta faru weusi tisa kutoka Afrika Kusini mwaka 2019. Sina kinyongo na faru wale. Mhifadhi Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael wamelazwa kwenye ukingo wa Ngorongoro, chini ya mnara wa mawe ambao kila mgeni husimama kuusoma. Michael aliifia Serengeti Januari 1959, ndege yake ilipogongana na tai, na baba yake alipata kaburi la kulilia. Nasema hivi kama baba. Mimi nimezika kanga.

Lakini wanaotaka kumuenzi Mama Goodall wayaangalie aliyoyafanya ziwani humu. Wakoloni hawakumruhusu akae porini peke yake, akaja na mama yake, Vanne. Mama yule hakuwa mtafiti. Alifungua kibanda cha dawa ufukweni akawatibu wavuvi, na wavuvi ndio waliomkubali binti yake. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Goodall alipita juu ya Gombe kwa ndege ndogo akaona vilima vyote nje ya hifadhi vimekuwa vipara. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE. Watanzania wakatumwa vijijini, na kabla ya kutamka habari za miti wala sokwe wakawauliza watu wanataka nini kwanza. Watu wakataja chakula, matibabu, shule. Wakaanzia hapo. Mimi, Mheshimiwa, sijaulizwa na yeyote. Ningeulizwa, ningesema maji.

Na mwaka 2002, huko huko Gombe, sokwe aliyeitwa Frodo alimnyakua mtoto mdogo akamuua. Nilisoma habari hiyo miaka mingi kabla haijanifika yangu, na siku hizi nairudia mara kwa mara. Wale waliompenda Frodo kuliko mtu yeyote duniani, waliomwandika tangu kuzaliwa kwake, hawakukificha kifo kile. Walikiandika. Dunia nzima inajua kwamba mtoto yule alikuwapo. Mtoto wangu alikaa nasi miaka kumi na miwili, na kwa serikali unayoitumikia, Mheshimiwa, hakuna mamba aliyemla mtu Kasanga.

Sisi wa mwambao huu hatukuwaua mamba. Vijana walitaka kutega ndoana siku ile ile, nikawakataza mimi mwenyewe, mwalimu wao, kwa sababu sheria ninaijua na nimeifundisha. Mamba yule bado yumo majini. Kama kuna mchango mkubwa kuliko huo katika uhifadhi, nionyeshwe. Wapo na wengine: wa bonde la Rukwa wanaolala kwenye vichanja wakilinda mahindi dhidi ya tembo, wavuvi waliokaa bila kipato ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Wote hao wanalipia wanyama na samaki wa taifa hili kutoka mifukoni mwao, na nchi inayojua kuvisha nishani haijui hata kuhesabu misiba yao.

Nataka mambo matatu. Sharti la mwili liondolewe kwa waliochukuliwa na mamba, ushahidi wa kijiji na polisi utoshe. Kizimba kijengwe Kasanga kabla ya masika. Na kifo cha mwanangu kiandikwe.

Jina lake sikulitaja humu. Ile fomu mpya nimeijaza yote isipokuwa nafasi ya jina, na nitalitamka mbele ya karani atakayekuwa tayari kuliandika. Kwa sasa ni saa kumi na moja alfajiri. Mama yake ameshachukua ndoo, nami nachukua tochi na rungu nimfuate, kama kila siku.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Kasanga